Pikapu ya porini na barabara ya kurudi nyumbani

Leo makala yanaelekea Okolona, kitongoji kilichoko kusini mwa jiji la Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Barabara kuu ya hapo, Preston Highway, ina yadi za magari yaliyokwishatumika na maduka ya vipuri. Ni mahali ambapo kijana aliyepata mishahara yake ya kwanza kiwandani au ghalani huanza kuota ndoto ya pikapu: gari refu, lenye matairi mapana, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lisiloogopa tope wala mawe.

Ndoto hiyo si ya Wamarekani peke yao. Louisville, sawa na Columbus katika jimbo la Ohio na Buffalo katika jimbo la New York, imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Somalia, Burundi na kwingineko Afrika Mashariki, na Kiswahili husikika madukani na makanisani. Kwa mtu aliyekulia Kakuma au Nyarugusu, gari linalopita matopeni si pambo. Ndilo lililofika na dawa wakati mengine yamekwama. Haishangazi basi kwamba akifika ughaibuni hutamani kumiliki lake.

Swali ni moja: mtu asiye fundi ataanzaje kutengeneza gari la namna hiyo, liwe salama, tena lisimgombanishe na sheria za barabarani? Wengi huanza kwa kuliinua. Huo ndio mwisho wa kazi, wala si mwanzo. Na sababu ya kusema hivyo haiko mbali. Iko hapo hapo Okolona, kwenye barabara ya Fern Valley.

Kwenye barabara hiyo kipo kiwanda cha kampuni ya Ford kiitwacho Louisville Assembly, kilichofunguliwa mwaka 1955. Katika miaka ya 1980 na 1990 ndipo zilipoundwa pikapu za Ford Ranger na magari ya Bronco II. Kuanzia mwaka 1990 kikaanza kuunda Ford Explorer, gari la familia lililojengwa kwa misingi ya ile Ranger, na kiliendelea nalo hadi mwaka 2010. Explorer iliuzwa kwa mamilioni. Lakini mnamo Agosti 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kuyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yaliyokuwa bado barabarani, mengi yakiwa chini ya magari hayo. Utando wa juu wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa katika mwendo mkali, dereva akishindwa kulimudu na gari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 270 nchini humo vilivyohusishwa na matairi hayo.

Dalili zilikuwa zimekwishaonekana kwingine. Mwaka 1999, mwaka mmoja kabla, Ford ilianza kubadilisha matairi ya Explorer huko Saudi Arabia na katika nchi jirani za Ghuba. Joto ni kali, barabara ni ndefu na zimenyooka, na madereva wamezoea kupunguza upepo ili gari lipite mchangani. Akisharudi kwenye lami, dereva akisahau kuujaza tena, tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, likapata moto kutoka ndani, na mwisho likaachana.

Kampuni hizo mbili zilitupiana lawama. Firestone ilisema kasoro iko kwenye gari, Ford ikasema iko kwenye tairi, na mwaka 2001 uhusiano wao wa karibu karne moja ukavunjika. Kwa anayejenga pikapu yake leo, jambo la kukumbuka ni kwamba upepo wa tairi, kimo cha gari, mzigo, joto na mwendo havikai mbalimbali. Ukigusa kimoja, umegusa vyote. Wahandisi wenye maabara na viwanja vya majaribio walitatizwa na mambo hayo. Mtu mwenye spana na jeki uani kwake hana budi kuyaheshimu.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Wataalamu hupima uwezekano wa gari kupinduka kwa kuchukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, kisha kuugawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Kitovu cha uzito ni ile sehemu ambayo uzito wote wa gari ni kana kwamba umekusanyika. Pikapu yenye upana wa inchi 58 na kitovu kilicho inchi 27 kutoka ardhini hupata 1.07. Chukua pikapu hiyo hiyo, inua kitovu chake kwa inchi 4, na jibu hushuka hadi 0.94. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka dereva anapokwepa mbwa au shimo. Inchi nne ni upana wa kiganja tu, lakini gari si lile tena.

Basi anayeanza aanze wapi? Aanze chini ya uvungu. Katika majimbo hayo chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na Buffalo inajulikana kwa theluji yake. Chumvi hiyo hula chuma. Pikapu inayong'aa yadini inaweza kuwa na chasisi iliyooza. Mnunuzi achukue tochi na nyundo ndogo, agonge fremu polepole kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinapofungwa. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga magamba. Gari la namna hiyo aliache, hata likiwa la bei ya kutupa.

Hatua ya pili ni kulirudisha gari katika afya yake ya kiwandani. Breki kwanza: pedi, diski na paipu za mpira. Kisha viungo vya usukani, bushi, beringi za magurudumu na shokamzoba. Kazi hii haimpi mtu sifa mbele ya wenzake, na ndiyo maana wengi huiruka. Lakini kiungo kilicholegea kidogo kwenye lami huweza kuchomoka kabisa kwenye mawe. Na kabla ya mtu kuingia uvunguni, gari likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamewekewa vigingi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia.

Hatua ya tatu ni matairi. Anayeanza atosheke na matairi ya barabara na pori, yenye kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na yenye uwezo wa kubeba mzigo usiopungua ule wa kiwandani. Atazame pia ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu ni hatari hata kama meno yake bado ni marefu.

Tairi kubwa zaidi lina gharama yake. Mtu akiondoa tairi la inchi 28 na kuweka la inchi 31, kipima mwendo kinapoonyesha maili 55 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu maili 61. Breki nazo, ambazo hazikubadilika, sasa zinashindana na gurudumu kubwa na zito zaidi, na gari huchelewa kusimama.

Hatua ya nne ni vifaa vya kujinasua. Ndoano ya kuvutia ifungwe kwenye chasisi kwa boliti madhubuti, si kwenye bampa. Na kamwe kamba isifungwe kwenye kile kipira cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika, huruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Ziongezwe pampu ya upepo, kipimo cha upepo, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, na tairi la akiba lenye ukubwa sawa na mengine.

Ni baada ya hayo yote tu ndipo mtu azungumzie kuinua gari, tena kwa inchi mbili au chini ya hapo, kwa seti ya springi na shokamzoba zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Baada ya kuinua, paipu za breki zikaguliwe zisivutike, usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili kuhakikisha tairi halikwaruzi popote, alaimenti ipimwe, na taa za mbele zishushwe mwanga zisimpofushe anayekuja. Kuhusu springi na usukani, asiye na uzoefu amlipe fundi, asimame kando na kujifunza. Mwenda pole hajikwai.

Na sheria? Hapo majimbo hutofautiana. Ohio huweka kikomo cha kimo cha bampa kulingana na uzito. Pikapu yenye uzito wa jumla kati ya pauni 4,501 na 7,500 hairuhusiwi kuwa na bampa la mbele lililo juu ya inchi 27, wala la nyuma juu ya inchi 29. New York hukagua kila gari mara moja kwa mwaka: breki, usukani, matairi, taa. Kentucky haina ukaguzi wa namna hiyo wa kila mwaka, ingawa gari linaloletwa kutoka jimbo jingine hukaguliwa na ofisi ya sherifu kabla ya kuandikishwa kwa karani wa kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Okolona anaweza kuendesha gari bovu kwa miaka bila kuulizwa. Huo ni uhuru wenye mtego, kwa sababu mkaguzi pekee aliyebaki ni yeye mwenyewe. Sheria ya taifa, kwa upande wake, inakataza popote pale kung'oa vifaa vya kusafisha moshi wa gari. Na kampuni ya bima ni lazima ielezwe mabadiliko yote, isije ikapata kisingizio siku ya ajali.

Huenda msikilizaji wa Nairobi akakumbuka mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa milima ya Aberdare. Magari yale hupanda makorongo ya kutisha. Lakini hayo yamejengwa kwa kazi hiyo, na hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kushindana. Pikapu ya Okolona ina kazi nyingine. Jumamosi itakwenda mashariki mwa Kentucky, kwenye mzunguko wa Daniel Boone Backcountry Byway wenye urefu wa maili zipatazo 100, unaochanganya lami, changarawe na vijito. Jumapili itapeleka watoto kanisani au madrasani. Jumatatu itakwenda kazini.

Kwa hiyo kipimo cha mjenzi mwanafunzi si mwamba alioupanda. Jioni, anapotoka porini akiwa na tope hadi madirishani, rafiki zake wakipiga honi na kila mtu akitamani kufika nyumbani, je, atasimama ukingoni mwa lami, atoe pampu, na kuyajaza matairi yote manne hadi kipimo kilichoandikwa mlangoni? Ni kazi ya dakika ishirini hivi. Wako watu Riyadh, na wako Marekani, ambao hawakupata dakika hizo, au hawakuambiwa kwamba zinahitajika.