Bunduki ya Misumari Juu ya Paa
Katika milima ya Usambara, Tanzania, mafundi wengi bado hupiga misumari ya bati kwa nyundo. Bunduki ya misumari inayosukumwa na upepo wa kompresa huharakisha kazi, na ajali pia.

Fundi aangalie kwanza kifyatuo. Viko vya aina mbili. Kimoja, kidole kikiwa kimekibana, hupiga kila mdomo wa bunduki unapogusa kitu, hata paja. Kingine hakipigi mpaka mdomo ukandamizwe kwanza, ndipo kibanwe. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaeleza kuwa kwa kile cha kwanza hatari ya kuumia ni mara mbili ya kile cha pili.

Msumari ukikwama, mpira wa upepo uchomolewe kwanza.

Masika, milimani Lushoto, bati lililolowa huteleza: kazi isubiri. Kutoa miwani na mkanda wa usalama ni wajibu wa mwajiri, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.