Ukurasa wa Pili wa Barua ya Klabu ya Waridi

Maneno ya kamati ya hesabu katika hafla ya kuchangia maendeleo ya nyumbani

Poleni na foleni ya Dar es Salaam, na wale mlioshuka leo kutoka Lushoto poleni na kona za Soni.

Mhazini ameshasoma taarifa ya fedha na nakala mnazo, hatutairudia. Sisi wa kamati ya hesabu tumeomba dakika chache tuzungumzie kifungu kimoja ambacho hakimo ndani ya taarifa hiyo. Hakimo kwa sababu tulikifuta wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita klabu ya waridi ya kule kwetu ilituandikia barua. Wengi mnaijua klabu hiyo. Ni wale akina mama, wastaafu na vijana wachache wanaotunza bustani ya upande wa chini wa zahanati. Waliomba mikasi miwili ya kupogolea, wavu wa kuzuia mbuzi, gata za kuzunguka paa la zahanati na tangi la maji la lita 10,000. Barua ilifika mezani saa tatu usiku, ajenda ya ukumbi ikiwa imekula muda wote, watu wamechoka, harufu ya pilau inatoka jikoni. Mmoja wetu akasema, "Maua hayaliwi." Tukacheka. Tukapiga mstari mwekundu, tukaenda kula.

Julai mwaka huu tulipanda nyumbani kukagua fedha za uzio wa shule. Kazi ya uzio ilikwisha mapema, na kwa kuwa ukungu ulikuwa mzito na baridi ile mnaijua, tulikwenda kujikinga kwenye baraza la zahanati. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi ya klabu. Tukakuta watu kama ishirini wamejifunga makanga na makoti ya mvua, wanapogoa na kubishana.

Ubishi wao unahusu kila kitu. Mama mwenyekiti, muuguzi mstaafu, anataka mwaridi ukatwe mpaka ubaki chini ya goti. Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu anasema kukata hivyo ni kuua, yeye anaacha kiunoni. Kila mmoja ana mistari yake miwili ya kuthibitisha, na kila msimu mistari hiyo inahesabiwa maua mbele ya mashahidi. Tulipofika mwalimu alikuwa anaongoza kwa maua saba na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Wote lakini wanakubaliana kwamba tawi linakatwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na mkato ulale mshazari ili maji ya mvua yateleze.

Kilichotushangaza sisi watu wa mahesabu ni kalenda yao. Kutoka siku ya kupogoa hadi ua kuchanua wanahesabu wiki saba au nane, baridi ikizidi wiki inaongezeka. Kwa hiyo mtu akija kutoa taarifa ya harusi, wanarudi nyuma kwenye kalenda na kuchagua mstari wa kukata. Mahafali ya shule yana mstari wake. Sendofu ya binti wa jirani ina mstari wake. Kuna maofisi hapa mjini hayajui yatalipa lini ankara ya mwezi uliopita.

Miche yenyewe haikununuliwa. Mama mwenyekiti alianza na vipandikizi vitano alivyoomba kwenye ua wa nyumba moja ya zamani pale Lushoto mjini. Wanachagua tawi lenye unene wa penseli ambalo ua lake limeshanyauka, wanakata kipande chenye macho manne chini kidogo ya jicho, wanaacha majani mawili juu, wanakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Kisha wanakifunika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako na kukiweka kwenye kivuli cha migomba. Vinavyoshika ni karibu nusu, nao wanaridhika. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Arusha amewafundisha pia kubebesha: jicho la mche wenye ua zuri linapachikwa ndani ya gome la mche wenye mizizi ya nguvu, linafungwa kwa utepe wa plastiki. Bibi mmoja aliyepita miaka 70 ana mkono mzuri wa kazi hiyo kuliko kijana mwenyewe, na kijana anakiri.

Tuliwauliza kwa nini hawapandi aina zile za Arusha, za shina refu na tumba lililofunga. Kijana akatueleza kwamba maua yale yanalelewa kwenye mabanda ya plastiki, yanakatwa yakiwa matumba, yanawekwa baridini na kupandishwa ndege. Mengi yamechaguliwa yadumu kwenye chombo na yavumilie safari, ndiyo maana ukinusa mengi hupati kitu. Haya ya kwetu yanafunguka yote kama sahani na siku ya nne yameanza kumwaga petali, lakini ukiyaweka chumbani yanakwambia yapo. Akina mama wa Tanga mjini wanaoshona vikuba wanayataka kwa sababu hiyohiyo. Petali zinawekwa kwenye kikapu chenye majani ya mgomba na kushuka na gari la asubuhi kupitia Mombo.

Jumamosi baada ya kazi wanafanya wanachokiita kutembeleana. Wanakwenda wote kwenye ua wa mwanachama mmoja, wanakunywa chai kwa viazi vitamu na kukagua miwaridi yake bila huruma. Jani lenye madoa meusi likionekana mwenye nyumba anaulizwa kama alimwagilia juu ya majani, na akisema hapana haaminiki. Majani yaliyoanguka yanaokotwa yote na kuchomwa. Vidukari wanaoshwa kwa maji ya sabuni. Ubwiri unga unawasumbua sana miezi ya ukungu, na dawa yao kubwa ni kupunguza matawi ya katikati hewa ipite. Kuna mzee ana waridi jekundu linalotambaa hadi juu ya bati, la pekee pale kijijini, na hajawahi kumpa mtu kipande. Wamemwomba, wamempelekea asali, wamemtuma hadi shemeji yake. Siku ile tulipofika kwake alitukaribisha vizuri sana, akatumwagia chai, na akakaa kati yetu na ule mwaridi muda wote.

Basi tukaomba kuona vitabu. Ni mazoea yetu, mtusamehe. Wakatuletea daftari la kaunta lililofungwa kwa kanga. Ndugu zetu, tumekagua kampuni zenye wahasibu sita. Katika daftari lile kila shilingi iliyoingia ina tarehe, ina jina la aliyetoa na saini au dole gumba. Shada za mazishi hazitozwi, lakini zimeandikwa, na pembeni pana neno "sadaka". Matumizi yana stakabadhi zilizoshonwa kwa uzi. Kwenye taarifa ya chama chetu mwaka jana zilikosekana stakabadhi mbili, na tulizitolea maelezo marefu.

Fedha zao zimekwenda wapi? Sabuni ya chumba cha kujifungulia. Mafuta ya taa kabla umeme haujafika pale. Nauli za dharura za wajawazito waliohitaji kushushwa hospitali usiku, mara kumi na moja. Vijiko vya chai. Mkasi mmoja, ule tuliowanyima.

Katikati ya daftari kuna kurasa ambazo hazina mapato. Ni mwaka ule vuli ilipochelewa. Zahanati yetu inategemea bomba la mserereko kutoka mlimani, na chanzo kikipungua bomba linatoa hewa. Pale ambapo palitakiwa kuandikwa kazi ya Jumamosi pameandikwa: "Leo hatumwagilii. Maji yaende kwa wazazi." Jumamosi iliyofuata, vilevile. Zipo tisa. Wanachama walikuwa wanashuka mtoni kwa ndoo kama kawaida yao, ila ndoo zilipita bustani na kuingia zahanati. Miwaridi 31 ilikauka, ukiwemo mmoja wa manjano uliotoka kwenye vile vipandikizi vitano vya mwanzo. Mama mwenyekiti alitusomea orodha ya iliyokufa, kila mmoja na mahali ulipokuwa, akafunga daftari na kutuuliza kama chai imetutosha.

Hapo ndipo mmoja wetu alipouliza, kwa upole, kwa nini hawakutuandikia tena kuhusu tangi. Akajibu, "Tuliwaandikia, mwanangu. Mlisema hayaliwi."

Tuliporudi Dar es Salaam tuliitafuta ile barua kwenye faili. Ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una salamu na orodha ya vitu, na mstari wetu mwekundu juu yake. Ukurasa wa pili haukuwa na alama yoyote, hata mkunjo. Hatukuufungua. Umeandikwa kwamba tangi litakuwa mali ya zahanati, litafungwa kufuli na ufunguo utakaa kwa muuguzi wa zamu. Klabu itachota ndoo nne kila Jumamosi, na miezi ya kiangazi haitachota kabisa. Klabu iliahidi mchanga, mawe ya msingi na nguvu kazi. Kwa maneno mengine, tuliletewa ombi la maji ya wajawazito, tukalikataa kwa kudhani ni la maua. Na hata kama lingekuwa la maua peke yake, baada ya kuona tulichokiona hatudhani tulikuwa na haki ya kucheka.

Sasa mtuvumilie kidogo kwa hesabu, maana ndiyo kazi mliyotupa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Tulipima paa la zahanati: mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240. Tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja, kila milimita inatuachia lita 192. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa mvua ya milimita 52 au 53. Wale mliolelewa kule mnajua masika ya Usambara, hatuhitaji kuwaeleza itachukua siku ngapi. Tangi likijaa ni ndoo 500 za lita 20. Muuguzi alituambia kwamba kiangazi huwa anawapokea wajawazito na kuwauliza kwanza wamekuja na ndoo ngapi.

Makadirio ya fundi, pamoja na gata, msingi, koki na usafiri wa tangi kutoka Mombo kwenda juu, ni shilingi milioni 3.8. Tumeyapitia mara mbili. Mikasi na wavu vimo humo.

Tunajua kamati ya ukumbi iko hapa usiku huu, na wengine ni shemeji zetu. Ukumbi ni jambo zuri, tumechoka kukodi. Lakini ukumbi umekuwa kwenye ajenda miaka saba na hakuna aliyejifungulia gizani bila maji kwa kuukosa. Kamati ya hesabu inapendekeza kwamba shilingi milioni 3.8 za kwanza zitakazopatikana leo, taslimu au ahadi, ziende kwenye tangi, na zinazozidi ziende kwenye ukumbi kama ilivyopangwa. Vuli ya mwaka huu tumeshaikosa. Masika yanaanza Machi, na fundi anahitaji wiki tatu za ukavu kumwaga msingi. Ahadi ya kulipwa mwezi wa Aprili, tunaomba radhi, tutaiandikia ukumbi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo hili tunaliweka mbele yako ulipigie kura kabla ya chakula. Safari hii tunaomba kabla.

La mwisho. Klabu haikutaka kuja mikono mitupu. Pale mlangoni kuna miche 40, imeshuka na basi la jana, kila mmoja ndani ya chupa yake. Shilingi elfu tano kwa mche, na fedha zote zinaingia kwenye tangi. Mama mwenyekiti yuko pale mwenyewe, mkamsalimie. Amesema joto la huku miche hii haijalizoea, kwa hiyo ipateni jua la asubuhi tu, mchana kivulini, na samadi iliyoiva vizuri. Mwagilieni shinani. Atakayemwagilia juu ya majani asimpigie simu.

Miche miwili ina utepe mwekundu. Imetoka kwenye ule mwaridi unaotambaa juu ya bati. Mzee alituletea stendi alfajiri, tukiwa tumeshapanda basi, akaipitisha dirishani na kuondoka bila kusema kitu. Hiyo hatujaipangia bei. Tutainadi baada ya chakula.