Umeteguka au Umevunjika?

Ndugu wakulima wa Salale na wa delta yote ya Rufiji, leo tuache kidogo habari za mpunga na korosho, tuzungumze juu ya mguu wa mkulima mwenyewe. Nikisema mguu hapa nina maana ya kuanzia kifundo kwenda chini. Sehemu hiyo ndogo ina mifupa 26, na wowote kati ya hiyo waweza kuvunjika.

Sababu kwetu hazikosekani. Mtu anashuka dunguni alfajiri baada ya kukesha akifukuza nguruwe, ngazi inakatika. Mkwezi anateleza mnazini. Mwingine anapita kwenye mikoko, mguu unanasa katika mizizi na mwili unakwenda mbele. Basi mguu unavimba, na jioni wazee wanamzunguka. Mmoja anauliza, "Unaweza kutembea?" Anajibu, "Naweza, nachechemea." "Basi haujavunjika huo. Leteni mafuta, achuliwe."

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mfupa mdogo ukipata ufa, mifupa jirani huushikilia, na mtu anaweza kuchechemea shambani hata wiki mbili mpaka ufa ule uachane kabisa na mfupa usogee. Kuvimba nako hakutoi jawabu, maana mguu ulioteguka tu huvimba na kuvilia damu, pengine kuliko uliovunjika. Na ile habari kwamba aliyevunjika hawezi kuchezesha vidole, siyo kweli. Wengi huvichezesha vizuri tu.

Sasa tutajuaje? Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, huko Kanada, walitoa utaratibu wa kupima mguu kwa vidole vya mkono, ili wajue nani apigwe picha ya eksirei na nani hana haja. Wao walitaka kupunguza picha zisizo na sababu. Sisi tulio mbali na mashine tunaweza kuutumia kuamua nani lazima asafiri.

Mketishe mgonjwa, mwoshe tope. Bonyeza kwanza mguu ulio mzima, ajue unavyobonyeza. Kisha njoo kwenye ule ulioumia, utafute vinundu viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje. Bonyeza mfupa wenyewe, siyo nyama iliyo mbele yake: kwanza ncha ya kinundu, halafu ukingo wake wa nyuma ukipanda juu kama sentimeta 6, yaani upana wa vidole vitatu au vinne. Halafu fuata ukingo wa nje wa mguu. Katikati ya kisigino na kidole cha mwisho utakuta mfupa umejitokeza kidogo. Bonyeza hapo. Mguu ukipinduka kwa ndani, kama unavyopinduka kwenye mizizi ya mikoko, mfupa huo huvunjika mara nyingi, na watu hudhani ni kifundo tu. Mwisho bonyeza upande wa ndani, mbele ya kifundo, juu ya upinde wa wayo. Akishtuka kwa maumivu mfupani, hata kama ni mahali pamoja tu, apelekwe hospitali.

Kama hapana panapouma hivyo, mwambie atembee hatua 4. Kuchechemea kunahesabiwa. Ikiwa hakuweza pale alipoumia, na sasa bado hawezi, apelekwe vilevile. Mnaona basi: kushindwa kutembea ni dalili ya kuvunjika, lakini kuweza kutembea peke yake hakuthibitishi kwamba mguu ni salama.

Aliyeanguka kutoka juu, mnazini au dunguni, mbane kisigino kwa viganja viwili, pande zote mbili. Kikiuma sana, huenda kimevunjika. Mwulize na mgongo, kwa sababu kishindo kile hupanda mpaka uti wa mgongo. Mgongo ukiuma asiketishwe wala kusimamishwa, bali abebwe juu ya ubao akiwa amelala. Watoto wadogo, mtu aliyelewa, na wenye kisukari au ukoma ambao nyayo zao zimekufa ganzi, msiwategemee kwa kipimo hiki. Hao waende tu.

Tena ziko dalili zisizongoja kipimo chochote. Mguu umepinda, au kuna kidonda juu ya mvunjiko, au vidole ni vya baridi na ganzi, au maumivu yanazidi tu hata mguu ukitulizwa. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, damu haifiki vizuri. Huyo ni wa kuondoka saa ile ile.

Mganga wa mifupa simdharau, lakini macho yake hayapenyi nyama. Aisubiri picha. Kuchua na kuvuta mguu uliovunjika husogeza mfupa uliokuwa umekaa mahali pake. Mvueni kiatu, mzungushieni mguu kanga iliyokunjwa nene, mfunge bila kukaza, vidole vibaki wazi. Mguu ukae juu, na kitambaa cha maji baridi juu yake. Kama kuna kidonda, kifunikeni kwa kitambaa safi, msirudishe mfupa ndani, na huko hospitali mwulize habari za chanjo ya pepopunda.

Na fanyeni kipimo hiki mapema, maana mitumbwi yetu hungoja maji. Ukiyakosa maji ya asubuhi, utangoja kama saa 12 kabla hayajajaa tena, halafu ndipo ufike Nyamisati na kutafuta gari la kwenda Bungu kwenye barabara kuu. Najua mtu anaogopa kufungwa hogo wakati ndege wako mpungani. Mifupa mingi midogo ya mguu huunga kwa wiki 6 hadi 8. Kisigino huchukua miezi 3 au zaidi, kwa hiyo panga mapema na ndugu zako nani atalinda shamba.

Mtumbwini mlazeni, mguu juu ya gunia, na mmoja wenu akae upande wa vidole, awe anabonyeza ukucha kila mara mpaka mfike.