Foleni ya Uchapaji na Usalama wa Nyaraka za Wananchi



Mwananchi anaposimama dirishani akisubiri leseni yake ya biashara, na printa ikawa kimya, mara nyingi kasoro haimo katika printa. Imo katika spula, yaani programu inayopokea kazi za uchapaji, kuziweka katika diski na kuziachilia moja baada ya nyingine. Kazi ya mbele ikiharibika, zote za nyuma hukwama. Hapo mtumishi hubonyeza tena, na tena. Foleni inapofunguka, nakala sita za hati ya mtu hutoka na kubaki wazi kwenye trei.

Tiba ni fupi. Katika Windows, huduma iitwayo Print Spooler husimamishwa, mafaili yaliyosalia katika folda ya PRINTERS hufutwa, kisha huduma huwashwa upya. Kazi zote zilizokuwa zikisubiri hupotea, kwa hiyo ofisi zote zinazotumia foleni hiyo zipewe taarifa kwanza.

Heri foleni moja katika seva kuliko kila kompyuta kutuma kazi kivyake, kwani Afisa TEHAMA huiona yote mahali pamoja. Ni kweli kwamba seva ikizimika ofisi nzima haichapi, lakini hitilafu hiyo walau hujulikana mara moja. Printa nayo ipewe anwani ya kudumu ya mtandao. La sivyo, umeme ukikatika na kurudi, huenda ikapata anwani mpya na kazi zikaelekezwa kusikokuwa na printa. Diski ya seva isiachwe ijae. Mpangilio wa kuhifadhi nyaraka zilizokwisha kuchapwa uzimwe, kwa maana siri za wananchi hazina sababu ya kulala humo.

Lililo zito zaidi ni hili. Mwaka 2021 ilifichuliwa dosari iliyoitwa PrintNightmare: aliyeingia katika mtandao kwa akaunti ya kawaida tu aliweza kupitia spula akatwaa mamlaka yote ya kompyuta. Mwezi Julai Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura, hata kwa Windows 7 iliyokwisha kustaafishwa. Seva inayotunza akaunti za watumishi haina haja ya kuchapa chochote. Spula yake izimwe. Na mtumishi anayeunganisha printa akadaiwa nywila ya msimamizi, asinung'unike wala asiiazime kwa mwenzake. Sharti hilo liliwekwa Agosti mwaka uo huo kwa sababu ya dosari hiyo. Amwite Afisa TEHAMA.