Tatizo la muhogo kwanza, mbinu baadaye
Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, hufundishwa viwandani Tanzania kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani. Kwa wasindikaji wa muhogo wa Kibondo na Kasulu, faida yake inategemea tatizo lenyewe. Muhogo mbichi huanza kuharibika siku mbili au tatu baada ya kung'olewa. Ukirundikana mbele ya mashine, dawa ni kung'oa kiasi kinachoweza kuchakatwa siku hiyo. Unga ukitoka leo mkavu, kesho una unyevu, kufagia na kupanga vifaa hakutoshi, ingawa wengi wanaotumia Kaizen huanzia hapo. Kinachohitajika ni kupima unyevu wa kila fungu na kuandika muda wa kuanika, hasa wakati wa mvua, mpaka chanzo kionekane. Kupanga vifaa kunafaa pale visu na ndoo vinapopotea.