Tusingoje Gredi ya Kumi

(Mazungumzo na vijana na wazazi wa Itumbe, mwezi wa Ramadhan, kabla ya futari)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma mkitazama saa, nimepewa dakika chache na uji unanukia, kwa hiyo sitawachosha. Nataka tuzungumze juu ya Hisabati na sayansi kwa watoto wa gredi ya saba, ya nane na ya tisa.

Kwa nini hao? Sisi tuliosoma 8-4-4 tulizoea kwamba mtoto huanza kusoma kweli kweli akiingia kidato cha kwanza. Fizikia na kemia tulikutana nazo huko, na masomo ya kuacha tuliyaacha kidato cha tatu. Mambo yamebadilika, jamani. Gredi ya saba ya kwanza iliingia Sekondari Msingi Januari 2023, na watoto hao hao wakaingia gredi ya kumi Januari 2026. Huko Sekondari Pevu kuna mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na Hisabati, halafu Sayansi za Jamii, halafu Sanaa na Michezo. Mtoto anachagua akiwa bado gredi ya tisa. Na alama zake hazitoki kwa mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 20 inatoka gredi ya sita, asilimia 20 inatoka kwa tathmini za gredi ya saba na ya nane, na 60 ndiyo mtihani wa gredi ya tisa. Mzazi anayesema "huyu bado mdogo, ataamka huko mbele" ajue kwamba 40 katika mia imeshaandikwa kabla mtoto hajaamka.

Hata Hisabati yenyewe imegawanyika. Palikuwa na mpango wa kuifanya ya hiari kwa wasiokwenda STEM, watu wakalalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu ataisoma. Lakini si moja. Wa STEM anasoma ile kamili, na wa mikondo mingine ana iliyo nyepesi, ya matumizi ya kila siku. Anayeota kuwa daktari au mhandisi hawezi kufika kwa ile nyepesi.

Mwaka wa kuchagua ulipofika, binti mmoja wa jirani alinijia. Anataka uuguzi tangu utotoni, lakini alikuwa ameandika Sayansi za Jamii. Nikamuuliza, "Kwani nini?" Akasema, "Mwalimu, Hisabati imenishinda." Hisabati gani? Akanyamaza, kisha akasema, "Zile sehemu. Nusu, robo, kuzijumlisha." Tangu lini? Gredi ya tano! Ndugu zangu, mtoto alikuwa karibu kuacha ndoto yake kwa sababu ya kitu cha gredi ya tano ambacho hakuna aliyekaa naye chini kumweleza. Wala simlaumu, mimi mwenyewe niliikimbia fizikia kwa hofu ya namna hiyo hiyo.

Nilimfundisha kwa mirathi. Tazameni majina haya: nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumuni. Ni lugha yetu, na ndiyo mafungu ya mirathi. Nikamwambia, mtu amefariki, madeni yamelipwa, zimebaki shilingi 72,000. Ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke anapata thumuni, 9,000. Mama sudusi, 12,000. Zinabaki 51,000, na wa kiume ana mafungu mawili kwa moja la dada yake. Fungu la binti tuliite x. Basi x na 2x ni 3x, na 3x ni 51,000. Binti 17,000, kaka yake 34,000. Akacheka, "Kumbe hii ni aljebra?" Ndiyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, huko Baghdad katika karne ya tisa, aliweka humo sehemu nzima ya hesabu za mirathi na wasia.

Tulikaa naye kila Jumamosi mpaka mtihani. Alibadilisha, akaandika STEM. Sitawadanganya kwamba alikuwa wa kwanza. Alipata alama za kadiri, sasa yuko gredi ya kumi na anahangaika na kemia, lakini yumo.

Najua mtasema maabara hakuna. Ni kweli, Sekondari Msingi zimewekwa ndani ya shule za msingi, ambazo hazikujengwa na maabara, na mwalimu mmoja anabeba masomo ambayo hakusomea. Tuendelee kuidai serikali. Lakini sisi hapa tunaishi katikati ya majani chai! Chukua chai ya rangi, igawanye vikombe vitatu. Kimoja kamulia ndimu, rangi itapauka. Cha pili tia magadi kidogo, itakuwa nyeusi zaidi. Cha tatu kiache cha kulinganisha. Hapo mtoto ameona asidi na besi kwa macho yake, na gharama ni ndimu moja.

Neno kwa akina baba, msinikasirikie. Jioni kijana wa kiume anaachwa na daftari lake, na dada yake wa gredi ile ile anaosha vyombo, anakoka moto, anabembeleza mdogo, halafu tunasema wasichana hawawezi Hisabati. Mwezi huu kazi za jikoni ni nyingi zaidi. Wagawane.

Basi Jumamosi hii baada ya Alasiri tutakutana hapa hapa, gredi ya saba hadi ya tisa. Kila mmoja aje na daftari, na ile Hisabati inayomtia hofu kuliko zote. Ndimu na chai nitaleta mimi, na msiwe na wasiwasi, ni ya kutazama tu, saumu zenu ziko salama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.