Shukrani ya Moyoni, Sala ya Kila Siku



Siku ya yubile midomo yetu huimba sifa bila taabu. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kufundisha katekisimu twajua kwamba Jumatatu asubuhi manung'uniko huamka pamoja nasi: maji hayapo, makala yamepanda bei.

Hapa Goma hatuwezi kusema juu ya shukrani bila kukumbuka tarehe 17 Januari 2002. Siku ile moto wa Nyiragongo ulishuka mjini, ukakata uwanja wa ndege, ukateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia Ziwa Kivu. Tulikimbilia Gisenyi. Baada ya siku chache tulirudi, tukikanyaga mawe yaliyokuwa bado ya moto. Mahali pa nyumba yetu palikuwa peusi tu. Jirani yetu, mama mjane, alipiga magoti akamshukuru Mungu. Sisi tulikasirika, tukamwuliza: «Mama, unashukuru nini?» Akajibu kwamba amewahesabu watoto wake, wametimia. Kisha akaililia nyumba yake kwa sauti kubwa.

Katika seminari ndogo tulikuwa tumesoma kwamba neno Ekaristia latoka katika Kigiriki, maana yake shukrani, na kwamba Bwana wetu alishukuru usiku ule ule aliosalitiwa. Tulilijua neno, maana yake tuliiona kwa mama yule. Anayeshukuru hasemi kwamba hasara si kitu. Wala tusimwambie aliyefiwa katika vita: «Shukuru, nyamaza.» Huo ni ukatili, si sala.

Tangu mwaka ule, kila jioni, twataja mambo matatu tuliyopokea, moja moja. Kusema «asante kwa yote» ni rahisi mno. Mara nyingi ni njia ya kulala upesi. Twataja mtu aliyetusaidia kusukuma chukudu mlimani. Twataja sambaza tulizokula: ziliingizwa katika ziwa letu kutoka Tanganika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hao waliozileta hatukupata kuwaona. Siku nyingine twapata jambo moja tu, au hatupati hata moja. Basi twamwambia Mungu hivyo hivyo.

Mama yule yungali katika shirika letu. Mmoja wa watoto wale aliuawa baadaye, njiani, akirudi shambani. Kila Januari huomba Misa mbili: ya kumwombea marehemu, na ya kushukuru kwa miaka aliyokaa naye.